Timazi Ndani ya Ndoo

"Timazi haina mjomba." Jana mlimsikia kocha wenu akisema hivyo alipomwacha mpwa wake nje ya timu, mkacheka, na leo mmenijia mnataka kujua timazi ni kitu gani na mjomba ameingiaje humo. Haya, kaeni, na wewe mwenye simu iweke mfukoni. Methali hii ilianza hivi.

Wakati Dodoma inaanza kukua kwa kasi, majengo yalikuwa yanachipuka kila upande. Moja lilipangwa kuwa la ghorofa ishirini. Watu waliotoka sokoni walisimama barabarani kuhesabu ghorofa zake, wakabishana, wakaanza kuhesabu upya, mpaka mboga zikanyauka kwenye vikapu.

Katika jengo hilo alikuwapo mwanamke kijana aitwaye Nyemo. Kazi yake ilikuwa moja tu, timazi. Hicho ni kipande kizito cha shaba chenye ncha, kinachoning'inizwa kwa uzi. Uzi ukitulia umenyooka, na hapo hakuna tena ubishi. Kila nguzo hutengenezewa kwanza boksi la mbao, nondo zikiwa ndani, ndipo zege limiminwe. Nyemo aliteremsha uzi kando ya boksi, akapima kwa rula nafasi iliyopo kati ya uzi na mbao, juu na chini. Nafasi hizo zikilingana, alifunga kitambaa cheupe kwenye boksi. Pasipo kitambaa, zege halikumiminwa, hata angekuja nani.

Aliyemfundisha kazi hiyo ni mjomba wake, Mzee Chidawali, fundi seremala aliyetengeneza maboksi ya nguzo tangu ghorofa ya kwanza. Nyemo alifiwa na baba yake akiwa na miaka sita, na mjomba huyo ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwombea kazi pale. Siku ya kwanza kazini alimkabidhi timazi yake mwenyewe, iliyokuwa imelainika kwa kushikwa miaka mingi.

Sasa, walipofika ghorofa ya kumi na moja, Nyemo alipima nguzo ya pembeni akaona imeinama kwa upana wa kidole kimoja. Akageuka kumtazama mjomba wake. Mzee alikuwa amesogeza msumari karibu na pua ili auone. Nyemo akaelewa, na moyo ukamwuma. Mafundi wengine walipima kwa rula, lakini Mzee Chidawali maisha yake yote alipima kwa jicho, na jicho hilo ndilo lililokuwa jina lake mjini. Leo jicho linafifia, na nani wa kumwambia? Nyemo alijisemea kwamba kidole kimoja si kitu, akafunga kitambaa. Wiki nzima chakula hakikumshuka vizuri.

Kisha ikaja ghorofa ya kumi na mbili. Ilikuwa Agosti, na upepo wa Dodoma mnaujua. Gari la zege lilikuwa limeshafika langoni, tumbo linazunguka, na msimamizi wa zege alikuwa ameshapanda juu kuharakisha watu. Nyemo akateremsha uzi kando ya nguzo ileile ya pembeni. Timazi ikayumba. Kila alipopeleka rula, uzi ulikimbia. Lakini hata katika kuyumba kwake aliona ulikuwa unakwenda mbali na mbao zaidi kuliko unavyorudi.

"Upepo huo, mwanangu," alisema Mzee Chidawali. "Agosti hii hata kilima cha Mlimwa kinayumba. Nguzo imenyooka, nimeitazama mwenyewe. Funga kitambaa."

"Ngoja itulie, Mjomba."

"Itatulia Oktoba," alisema msimamizi wa zege, na mafundi wakacheka. "Dada, zege halisubiri. Mfungie mjomba wako tushuke tukanywe chai."

Nyemo alikuwa ameshika kitambaa mkononi. Akifunga, mwinamo huu utaukalia ule wa chini, na bado kulikuwa na ghorofa nane za kuongeza juu yake, huku watu wamesimama barabarani wanazihesabu. Asipofunga, siri ya macho ya mjomba itakuwa ya kila mtu, Mzee atarudishwa nyumbani, na aliyemrudisha atakuwa mtoto aliyemlea. Alimwonea huruma.

Akakitia kitambaa mfukoni. Akaenda kuchota maji, akaiweka ndoo chini ya uzi na kuizamisha shaba ndani yake. Ndani ya maji timazi haisumbuliwi sana na upepo. Ujanja huo hakuuokota barabarani. Mjomba wake ndiye aliyemfundisha alipokuwa na miaka kumi na sita. Uzi uliyumba kidogo, ukapunguza, ukasimama.

Nyemo alimnyooshea mjomba wake rula.

Mzee hakuipokea. Alipanda kwenye jukwaa, akaingiza vidole vyake kati ya uzi na mbao. Viwili vikaenea. Akashuka polepole, akachuchumaa, akaingiza tena vidole kule chini. Vikaenea vinne. Akarudia, kwa sababu alikuwa fundi, na fundi hupima mara mbili. Vikawa vinne tena.

Msimamizi wa zege alitaka kumsitiri kwa utani. "Timazi gani hii isiyo na adabu? Haijui kama huyu ni mjomba mtu?"

"Timazi haina mjomba," alijibu Mzee Chidawali, bado amechuchumaa. "Nipeni nyundo."

Akaanza kulibomoa boksi kwa mikono yake, msumari kwa msumari, akiitafuta misumari kwa kidole gumba. Hakuna aliyecheka.

Mhandisi wa jengo, Rutashobya, alipopanda kuuliza kwa nini gari la zege linarudishwa, wote walimtazama Mzee. Nyemo akatangulia kusema. "Boksi lilipinda, linabomolewa. Na nguzo ya chini yake imeinama kidole kimoja. Niliiona nikafunga kitambaa. Kosa hilo ni langu."

Mjomba wake akaiacha nyundo, akamgeukia. Hilo hakulijua.

Mhandisi alishuka akapima mwenyewe. Ile ya chini ilivumilika, akasema, lakini isingebeba mwinamo mwingine juu yake. Akaagiza nguzo zirudishwe kwenye unyoofu kuanzia hapo, na Nyemo akasimamishwa kazi siku kumi. Mzee Chidawali, bila kuambiwa na mtu, aliomba aachishwe maboksi, abaki kufundisha maseremala wapya.

Siku zote kumi hazikuwa na salamu kati ya nyumba ya Nyemo na ya mjomba wake. Kila mmoja alimwonea mwenzake aibu. Siku ya kumi na moja Nyemo alipanda ghorofani na woga wake, akakuta boksi jipya limesimama, na chini yake ndoo imeshajazwa maji. Mjomba wake alikuwa kando.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Lete kitambaa nikushikie, wewe upime. Na nikikuhimiza, usinisikilize."

Nyemo alipima. Juu nafasi ya vidole viwili, chini viwili. Mzee akamrudishia kitambaa, naye akakifunga.

Jengo lile lilifika ghorofa ishirini. Maneno ya Mzee yaliteremka ngazi pamoja na mafundi, yakaingia sokoni, yakafika hadi kwenye timu yenu. Msimamizi wa zege, yule aliyetaka chai, naye mnamjua, maana ndiye anayewasimulia. Tangu siku ile sijamwambia mtu yeyote amfungie mjomba wake kitambaa.

Kwa hiyo kesho mkimwona kocha wenu amekaa na mpwa wake, anamfundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto, msishangae. Anampenda. Ila timazi haina mjomba.