Ng'ombe wa Ijumaa Nne

Hapo zamani, masultani walipokuwa wakiamini kila kilichopigiwa matari, alikuwako hamali mmoja jina lake Shekuwe, ambaye mali yake yote ilikuwa kamba ya kubebea mizigo na mdomo usiofungika. Sultani wa mji ule, Bwana Badawi, aliweka fedha zake kwa wafanyabiashara, nao kila Siku ya Mwaka walimletea gawio lake juu ya sinia, mji mzima ukitazama.

Harunani, muuza nguo, alileta sinia moja mwaka wa kwanza, mawili mwaka wa pili, na mwaka ule akaleta matatu, kwa matari na vigelegele. Bi Zawena, mwenye kinu cha mafuta ya ufuta, alileta kama ada yake: kisahani kilichozidi cha mwaka jana kwa konzi moja, tena akaomba radhi kwamba hawezi kukaa, ngamia wa kinu anangoja majani. Sultani akampungia mkono kama anayefukuza nzi, kisha akatangaza kuwa baada ya Ijumaa nne hazina yote ya mji, na akiba ya mayatima ndani yake, itaingia katika biashara ya Harunani.

Shekuwe akacheka. Alipoulizwa sababu, akaeleza kwamba mwezi uliopita yeye mwenyewe aliibeba milango ya ghala la Harunani kuipeleka kwa mnunuzi, na kabla ya hapo alibeba mizani. Sultani akakasirika mno, kwani hakuna kinachomuudhi mtawala kama habari za kweli kutoka kwa mtu asiye na viatu.

"Mimi siulizi sinia limetoka wapi," akasema. "Nauliza limezidi au halikuzidi. Nawe, kwa kuwa umeijua biashara, chukua ng'ombe wangu wa maziwa na ndama wake. Kila Ijumaa niletee zaidi ya Ijumaa iliyopita. Ikipungua hata moja, utazeekea gerezani."

"Nimesikia na kutii, Bwana wangu. Nawe hutauliza nimetoa wapi?"

"Sitauliza."

Basi Shekuwe akaondoka na ng'ombe, akijua kwamba ng'ombe hana habari na amri za masultani. Ijumaa ya kwanza akaleta kibuyu cha maziwa. Ya pili akaleta vibuyu viwili, ndama hakuachiwa hata tone; Sultani akawaambia mawaziri wamtazame hamali anavyojifunza. Ya tatu akamleta ndama mwenyewe, ameokwa, juu ya sinia la wali. Ikawa karamu kubwa, wala hapana aliyeuliza kitu. Shekuwe hakula, kwa kuwa alikwisha kumpenda yule ndama.

Ijumaa ya nne, Harunani akiwa ukumbini na wachukuzi wake tayari kubeba hazina, Shekuwe akaingia na masinia sita ya nyama, na juu ya la mwisho ngozi na pembe. Sultani akala, akasifu, akapangusa mikono.

"Umeshinda, Shekuwe. Na Ijumaa ijayo utaniletea nini?"

"Kamba niliyomfungia, Bwana wangu."

Sultani akazitazama zile pembe, kwani ng'ombe yule alimnywesha maziwa miaka saba, kisha akamtazama Harunani, ambaye ghafla alikuwa akihesabu vigae vya sakafu. Watu wakatumwa ghalani. Wakarudi wakasema hawakuwa na haja ya kubisha hodi, maana hapakuwa na mlango, na boriti za paa nazo zimeng'olewa; ndani walimkuta mpiga matari mmoja akidai ujira wake.

Sultani akaona haya, akacheka ili haya isionekane. Hazina ikapelekwa kwa Bi Zawena, naye akapokea nusu tu, akisema kinu chake hakiwezi kumeza zaidi. Shekuwe akapewa ng'ombe mwingine na ndama.

Siku ya Mwaka iliyofuata Shekuwe akaja bila matari, na kikombe kimoja cha maziwa. Sultani akakipokea kwa mikono miwili, lakini hakukinywa kwanza.

"Ndama amenyonya?" akauliza.