Mitego Ishirini ya Ng'ambo

Wapendwa, kulikuwa na fundi mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutega panya. Msicheke. Tauni iliwahi kuingia katika milima ile, na watafiti walitaka kujua ni wapi panya wana viroboto wenye ugonjwa, ili nyumba za hapo zipigwe dawa kabla mtu hajaugua.

Fundi alikuwa na mitego mia, masanduku ya bati yanayomnasa panya akiwa hai. Themanini ilikuwa upande huu wa korongo, ishirini ng'ambo, karibu na nyumba za watu. Kila asubuhi aliipitia yote: anavaa glavu, anamtoa panya, anamchana viroboto kwa mswaki, anamwachia, anaandika daftarini. Mtego usio na kitu nao uliandikwa: mtupu.

Miaka miwili alifanya hivyo kwa uaminifu. Kisha mvua zikaja, njia ya korongoni ikawa tope, na goti lake lilikuwa bovu. Siku ya kwanza akasimama ukingoni, akajiambia kwamba hata jana kule hakukuwa na kitu. Akachuchumaa, akaandika "mtupu" mara ishirini. Je, mbingu zilianguka? Hazikuanguka, na hapo ndipo penye hatari, ndugu zangu. Siku ya pili mkono ukawa mwepesi zaidi. Zikatimia siku tisa.

Siku ya kumi akaja daktari msimamizi wake, mama asiye na maneno mengi. Alikuwa amesikia kwamba ng'ambo kuna homa. Fundi akamwonyesha daftari, akamweleza kwa upole kwamba kule panya wameisha.

"Twende," daktari akasema. "Wewe utanisomea, mimi nitafungua."

Wakavuka. Fundi akasoma: "Themanini na moja, mtupu." Daktari akafungua. Ndani mlikuwa na panya aliyekufa, kucha zimechakaa kwa kukwaruza bati.

"Endelea kusoma."

"Themanini na mbili, mtupu." Humo mlikuwa na panya aliyezalia mtegoni, amekufa na vitoto vyake. Kwenye mtego wa tatu fundi akafunga daftari.

Hapo akatokea mwanamke mmoja wa nyumba za jirani. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Kaka," akamwambia fundi, "kila asubuhi nilikuja kukungoja hapa. Panya walikuwa wanakufa ndani ya nyumba, nikataka nikuambie. Mume wangu akasema twende tukawatafute watu wa mitego. Nikamwambia tulia, mwenye kazi yake lazima atapita." Akalitazama daftari. "Tumemzika jana."

Wapendwa, fundi yule hakumchukia mtu. Aliandika tu neno dogo mahali ambapo miguu yake haikufika. Na sisi je? Yule mjane tunayesema hana shida, angekuwa nayo angesema, tulifika kwake lini? Yule aliyeacha kuja ibadani, tukasema amepoa, ni nani kati yetu aliyekwenda kugonga mlango? Mimi mchungaji wenu ninayo nyumba moja ya namna hiyo, na naona aibu kuitaja hapa.

Kuna mtu asubuhi hii amesimama ng'ambo anatungoja. Tena anatutetea kwa watu wa nyumbani kwake, anawaambia lazima tutapita. Leo tukitoka hapa, tusiende kula kwanza. Tuvuke.