Chakula cha Nyungunyungu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, nyie wa nyuma, moto huu haung'ati mtu.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha mlimani, aliishi mjane aitwaye Namsifu. Ua wake ulikuwa safi hata kuku waliona haya kuukanyaga. Maganda, majani, makombo, vyote alivifagia akavichoma. Kijiji kizima kilimwiga.

Lakini migomba yake ilidhoofu, na moyo wake haukuwa na raha. Binti yake wa pekee, Nakiete, alikuwa mjamzito, na kwa desturi yao mzazi hujifungulia kwao, akanyweshwa mtori wa ndizi za mama yake mpaka maziwa yajae. Ndizi zenyewe ziko wapi?

Asubuhi moja akiwasha taka, akasikia sauti ardhini: "Namsifu, nina njaa." Akafagia. Jioni tena: "Namsifu, nina njaa." Akafagia. Kesho yake: "Namsifu, nina njaa." Akachuchumaa, akamwona nyungunyungu, mwembamba kama uzi.

"Kila kitu unachoma, mama. Nile moshi? Nikila mimi, udongo utakula. Udongo ukila, mgomba utakula. Mgomba ukila, mwanao atakula."

Namsifu akaona aibu. Akaacha kuchoma. Akalundika maganda kwenye mashina ya migomba, akatia na mavi ya mbuzi, akafunika kwa majani makavu, akanyunyiza maji. Majirani wakacheka, wakasema mjane amezeeka vibaya, sasa anafuga takataka. Maneno yalimuuma, akalia peke yake, lakini lile lundo hakuligusa kwa ufagio.

Mwezi ukaenda, mwezi ukaja. Nakiete alipofika, tumbo mbele, mkungu ulikuwa umeuinamisha mgomba. Akajifungua msichana. Akanywa mtori bakuli la kwanza, la pili, la tatu. Mtoto akanyonya, akashiba, akalala, na bibi yake akalia tena, safari hii kwa furaha.

Majirani wakaja kumwona mzazi. Mkunde, aliyecheka kuliko wote, alisimama mlangoni na kapu, macho chini.

"Dada, unga wa kumzawadia mzazi sina, migomba yangu nayo imekufa. Nimeleta maganda. Utanifundisha?"

Namsifu akalipokea kapu kwa mikono miwili, akamwingiza ndani, akampakatisha mtoto.

Tangu hapo, kijijini kule, aendaye kumwona mzazi hubeba maganda pamoja na zawadi yake, na hakuna anayemcheka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na maganda ya viazi mlivyokula, msiyatupe motoni.