Kaa Kwanza, Mama

Wapendwa, wekeni vitabu vya nyimbo chini kidogo. Mliokulia vijijini mtanisaidia kukumbuka.

Taarifa ya msiba ilikuwaje zamani? Wanakuja wazee wa kanisa wawili, haji mmoja. Wanapiga hodi, wanasalimia taratibu, wanaulizia hata ng'ombe. Kisha mmoja anavuta kiti: "Kaa kwanza, mama." Hapo tayari umeshajua, lakini umejua ukiwa umekaa, na wa kukushika yupo. Jamani, mimi nikikumbuka mambo yale moyo unaniuma.

Basi, kulikuwa na usharika mmoja huko milimani, na katibu wake alikuwa mama aliyekaa katika ofisi ile miaka thelathini. Alipokaribia kustaafu, wakaamua kazi zake zifanywe na msaidizi wa akili mnemba ndani ya kompyuta. Wakamwita fundi, muumini wao wenyewe, atengeneze programu ndogondogo za kutumiwa na msaidizi huyo: hii ya kuandikisha ubatizo, hii ya kupanga zamu za ukumbi, hii ya kutangaza msiba. Na kila programu iwekewe maelezo, maana msaidizi yule hakuzaliwa pale. Anasoma maelezo, anafanya.

Fundi akaketi na mama katibu, daftari mkononi.

"Mama, kutangaza msiba kunakwendaje?"

"Aa, hiyo rahisi, mwanangu. Nikipata habari, natuma ujumbe kwa simu za waumini wote."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Andika twende, chai inapoa."

Fundi akaandika mstari mmoja: Programu hii hutuma taarifa ya msiba kwa waumini wote. Wakanywa chai yao.

Je, mama yule alidanganya? Hata kidogo. Kwa miaka thelathini, kabla hajagusa simu, aliwatuma wazee wawili kwa mfiwa, akasubiri mpaka warudi kumwambia, "Tayari, ameshajua." Lakini yeye hakuihesabu hiyo kuwa kazi. Ulikuwa utu tu. Nani anaandika utu kwenye maelezo ya kompyuta?

Sasa, palikuwa na mama mmoja muuza maharage, muumini wa usharika uleule. Mume wake alilazwa hospitali mjini, hali mbaya. Kwenye fomu ya hospitali mama huyu aliandikisha namba ya ofisi ya usharika, tena kwa makusudi. Alimwambia muuguzi, "Likitokea la kutokea, msinipigie mimi. Waambieni kanisani. Wao wanajua namna ya kuniambia."

Mmesikia? Wao wanajua.

Jumanne asubuhi ujumbe wa hospitali ukaingia ofisini. Msaidizi akausoma, akatafuta programu inayohusika, akausoma ule mstari mmoja, akatii. Kwa waumini wote. Na mjane naye si muumini? Namba yake ilikuwemo. Alikuwa sokoni, kopo la kupimia mkononi, simu ikalia. Akasoma jina la mume wake akiwa amesimama katikati ya wateja, hana wa kumshika.

Mzee mmoja wa kanisa, aliyepata ujumbe uleule, alitoka mbio bila koti. Akamkuta mama ameketi juu ya gunia, maharage yametapakaa chini. Yule mama akasogea pembeni, akampa nafasi kwenye gunia.

"Kaa kwanza, baba," akamwambia.

Baada ya mazishi, fundi na mama katibu wakaenda kuomba radhi. Fundi akaanza, "Mama, ile mashine ilikosea."

"Haikukosea," mama katibu akamkatiza, machozi yanamtoka. "Ilifanya nilichokisema. Mimi ndiye niliyenyamaza."

Mjane akawatazama wote wawili. "Basi andikeni sasa hivi, nikisikia. Kabla ya kumtumia mtu yeyote, wazee wawili waende kwa mfiwa. Mpaka wazee waseme ameshajua, usitume." Akaongeza, "Na sababu muiandike. Huyo msaidizi wenu mwelezeni kwamba mtu akipata habari ile peke yake, miguu inamwisha nguvu."

Wapendwa, sisi hapa ni hodari wa kulalamika. Watoto hawana adabu. Mashine hazina utu. Zamani ilikuwa raha! Ndiyo, ilikuwa raha, hata mimi naitamani. Lakini wewe unayeitamani, uliieleza lini? Ulimwandikia nani? Yale mema tuliyoyafanya kila siku bila kuyasema, tulidhani mgeni atayaota? Huyo anayekuja kushika kazi zetu, awe mtu au kompyuta, hakukulia kwetu. Atakuwa na karatasi tuliyomwachia, basi. Tukiandika nusu, atafanya nusu, tena kwa utii kabisa.

Kwa hiyo leo, kabla chai haijachemka, chukua kalamu. Andika lile unaloona halina haja ya kuandikwa. Andika na sababu yake. Maana sasa hivi kuna mtu amesimama sokoni, simu iko mfukoni, na ametuandikisha sisi kwenye fomu, kwa kuwa anaamini tunajua namna ya kumwambia.