Ukoko wa Nyamizi

Hapo zamani, si zamani sana maana tabibu wa meno alikuwapo tayari, aliishi Tabora mpishi wa harusi jina lake Nyamizi. Pilau lake liliwahi kumrudisha mume wa watu aliyekwisha kufunga sanduku.

Basi mwaka mmoja Nyamizi akazimika. Hapiki, hacheki, haogi mpaka abembelezwe. Siku moja akamwambia mumewe, Lugusha, "Kesho ikija, usiniamshe." Lugusha akalia huku akisonga ugali, nao ukatoka mbichi.

Majirani wakasema, mvivu huyo. Mama mkwe akasema, karogwa. Lugusha akasema, "Mke wangu anaumwa," akampakia kwenye baiskeli, hao mpaka kwa Bi Zaituni, tabibu wa meno, maana shavu nalo lilikuwa limevimba.

Bi Zaituni akakuta meno mawili mabovu na fizi zilizovimba miezi. Akang'oa, akatoa dawa, akasema, "Mwili una askari wake. Wakipigana miezi bila kupumzika, moto wao huweza kufika hata ubongoni. Nao ubongo una mbolea yake, protini inayokuza mishipa ya fahamu. Katika huzuni kama hii huweza kupungua. Basi atembee kila siku, huenda ikarudi."

Atembezwe na nani? Nyamizi hata mlangoni hafiki! Ndipo akaja Pazi, Mzaramo, mtani wake, na mtani hashtakiwi. Akabeba mwiko wa Nyamizi, mbio mpaka kwake, ng'ambo ya mji. "Mnyamwezi, mwiko wako najikunia mgongo!" Nyamizi akaufuata. Kesho yake Pazi akabeba sufuria. Nyamizi akaifuata. Keshokutwa akabeba kinu, akajuta njiani. Nyamizi akakifuata, akimtukana njia nzima, na kila siku matusi yalizidi kunoga.

Mwezi wa tatu wa mbio hizo Nyamizi akapika pilau la shukrani, huku anaimba. Chini ya sufuria ukatoka ukoko mmoja, mzima, mwekundu. Na kwao ukoko wa shukrani haumegwi, hupewa mtu mmoja tu.

"Nani aliuzima moto wa askari wale?" akauliza Bi Zaituni. "Nipeni."

"Na mbolea uliyoisema ilirudishwa na nani?" akasema Pazi. "Mgongo wangu mpaka leo unakidai kinu."

Lugusha akasema taratibu, "Wengine walisema mvivu, wengine karogwa. Nani alisema anaumwa?"

Nyamizi akalipakata sinia la ukoko. "Jamani, nawashukuru, tena sana. Lakini asubuhi zile mguu haukutaka kunyanyuka, na aliyeunyanyua ni mimi. Halafu leo nina njaa! Mnajua mara ya mwisho nilisikia njaa lini?"

Wenzake nao wakanyoosha mikono.

Haya, wasikilizaji, mikono minne iko juu ya sinia na ukoko unapoa. Je, nani aumung'unye?