Gamba Tupu la Mwatime

Katika zama ambazo majini walikuwa bado wakiitika salamu, mji wa Zumaridi, ulio ndani kabisa ya jangwa, ulitawaliwa na Sultani Nuumani bin Hashili, naye alikuwa na msafara wa ngamia, na ndani ya msafara huo mlikuwa na chuo kizima, Maalim Sharwani na watoto aliowasomesha na mahema yao, na popote walipotua ndipo paliposomwa.

Mwaka mmoja msafara ukatua ufukweni, na watoto wale, waliozoea maji ya kisima tu, wakashinda miambani maji yakipwa, wakijifunza jinsi pweza abadilishavyo rangi na kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota, aoteshavyo mkono uliokatika. Amri ya Maalim ilikuwa moja: kila chenye uhai kirudishwe kilipotoka.

Miongoni mwao alikuwemo Mwatime, ambaye bibi yake kipofu, aliyebaki mjini, alimwagiza, "Mjukuu wangu, niletee sauti ya bahari niisikie kabla sijafa." Basi alipookota gamba tupu la konokono, akalitia sikioni na kusikia mvumo, alifurahi mno. Na desturi ya watu wa msafara ni kwamba hema lisilo na mtu hukunjwa likabebwa. Basi naye akalifunga gamba katika mtandio wake.

Asubuhi ya kuondoka ngamia waligoma kuinuka, na maji yakawazunguka taratibu bila kumlowesha mtu, na humo akatoka jini mwenye ndevu za mwani.

"Amani kwenu, wageni. Mimi ni Dahmani, mlinzi wa mwamba huu. Mmechukua nyumba ya raia wangu. Isiporudi, maalim wenu atabaki nami milele, awasomeshe samaki."

"Ewe bwana wa maji," akajibu Maalim, "tumerudisha kila chenye uhai, na watoto wangu si waongo. Lakini kama ni lazima, nichukue mimi, wao waende." Akavua viatu, akaanza kuingia majini.

Mwatime akapiga kelele, "Lakini ilikuwa tupu!"

"Tazama," akasema jini.

Jiweni palikuwa na kaa mdogo, tumbo lake laini li wazi, ametoka katika gamba lililombana, akihangaika kutafuta lile alilolichagua jana. "Huyu huhama kila akikua," akasema jini, "kama ninyi mhamavyo."

Mwatime akalia kwa uchungu, maana alimpenda bibi yake kuliko kitu chochote. Kisha akaliweka gamba chini. Kaa akalipapasa, akajitia kinyumenyume, akaenda zake bila hata asante. Jini akamgusa Mwatime koo kwa kidole chenye maji, na bahari ikarudi nyuma.

Walipofika mjini, bibi akauliza, "Umeniletea?"

"Sikuleta, bibi. Niliirudisha kwa mwenyewe."

Akaanza kumweleza habari za kaa, na nyuma ya maneno yake wimbi likaja likarudi, likaja likarudi, na nyumba ikanukia chumvi, hata Sultani kasrini akasogea dirishani kusikiliza. Bibi akanyoosha mkono hewani.

"Kumbe ni kubwa hivi," akasema, akicheka na kulia.

Sultani alimtunukia Mwatime dhahabu na msafara mwingine uwe wake, na wanaosubiri harusi watulie, nayo ilikuja, akiisha kukua. Ila kila alipofundisha watoto wa msafara huo, aliwaambia hivi: mkiona nyumba tupu, ngojeni kidogo, huenda mwenyewe yuko njiani.