Mzee wa Chewa Aja Barazani

Hapo zamani, katika kisiwa cha Kizangaze, alikuwako sultani jina lake Mwinyikondo, mtu wa kitambi na maneno mengi, ambaye Mungu alimjaalia kila kitu ila subira. Ilikuwa ada ya kisiwa kile kwamba kila siku ya Mwaka wavuvi humpelekea sultani chewa aliye mkubwa kuliko wote waliovuliwa. Sultani hula kichwa, kwa kuwa kichwa ni haki ya mkubwa, na taya lake hukaushwa likatundikwa kwenye ukuta wa baraza. Mataya yale yalianza tangu enzi ya babu yake, yamepangwa mwaka kwa mwaka, na watu walikuwa wameyazoea hata hakuna aliyeyatazama tena isipokuwa mijusi.

Basi ikawa kila mwaka chewa anayeletwa ni mdogo kuliko wa mwaka uliopita. Sultani akahamaki, akamwita Waziri Mahfudhi, akamwuliza, "Samaki wangu wana nini?"

Waziri, ambaye hajapata kulowa maji ya bahari hata kisigino, akajibu, "Bwana wangu, samaki hawana neno, ni wazima kama mimi. Ila wale wakubwa wana hila, wanaponyoka nyavuni. Amuru nyavu zishonwe kwa matundu madogo, hata kidole kisipite, uone kama hawatakuja."

Shauri likampendeza sultani, nyavu zikashonwa, na siku ya Mwaka iliyofuata chewa aliyeletwa hakufika ukubwa wa kofia. Mvuvi aliyemleta aliitwa Ngwali. Sultani akamtazama yule samaki aliyelala peke yake katikati ya sinia kubwa la fedha, akasema, "Mvuvi huyu ni mwizi. Wakubwa amewaficha." Ngwali akatiwa kifungoni, ikahukumiwa kwamba siku ya Ijumaa apelekwe Jumbale, kijisiwa cha mawe matupu kisicho na kisima, akae huko mpaka akumbuke alikowaficha samaki. Na kila mtu alijua kwamba waliopelekwa Jumbale hawakurudi.

Ngwali alikuwa na dada yake, Mize, na Mize alikuwa na mume, Vuai. Vuai ndiye aliyekuwa fukara wa mji. Kazi hakuwa nayo, wala hakuna aliyewahi kumkuta akiitafuta, na kama si supu ya samaki ya shemeji yake angalikwisha kufa zamani. Alipopata habari Mize hakulia. Aliuvuta mkeka ambao mumewe alikuwa amelalia, Vuai akabingirika sakafuni.

"Bwana Vuai," akasema Mize, "ndugu yangu anakwenda kufa kwa kiu. Mdomo wako huo umenitia aibu kwa majirani miaka na miaka. Leo nenda ukautumie kwa kheri, la sivyo usinirudie hapa."

Vuai akajifuta vumbi, akaenda barazani. Alimpenda Ngwali, na mbele ya sultani alikuwa mwoga kama watu wengine, ila woga wake ulikuwa na tabia mbaya ya kutokea mdomoni kwa sura ya ujeuri.

"Sema, na ufupishe," akasema Sultani Mwinyikondo, "nina njaa."

"Ndiyo iliyonileta, bwana wangu. Nami ninayo. Samaki ni wagonjwa, wamepungua. Ngwali hakuficha hata gamba."

Waziri akacheka. "Huyu naye leo amekuwa tabibu wa samaki. Umewashika mshipa wa mkono?"

Baraza nzima ikacheka, na sultani akaona mchezo umenoga. Akasema, "Vema. Katika baraza hii hakuna neno linalokubaliwa bila ya shahidi. Niletee mzee wa samaki, mtu mzima ajuaye habari za kwao, aje mbele yangu ashuhudie kwamba watu wake wamepungua. Ukimleta, shemeji yako yu huru. Usipomleta, Ijumaa mtapanda chombo kimoja."

Vuai akainama. "Nimesikia na nimetii. Naomba unipe wavuvi wako na juya lako, ule wavu mkubwa wa matundu madogo, isije ikasemwa nimemtafuta kivivu." Akapewa. Lakini shauri hakuwa nalo lolote. Alikuwa anaomba siku tu.

Wakaenda mpaka kwenye lile shimo la mwambani ambako wazee walisema ndiko nyumbani kwa machewa. Wakatupa juya, wakalivuta, likaja zito, na Vuai akashukuru Mungu mapema mno. Lilipofunguliwa hamkuwa na samaki aliyezidi kiganja. Walikuwa watoto watupu, vifaranga vya samaki, wengine miili yao bado inapenyeza mwanga. Vuai akakaa kitako kando yao, huzuni ikamshika kweli, akamwona moyoni Ngwali juu ya mawe ya Jumbale akilamba umande.

"Wazee wa hawa wako wapi?" akauliza.

Wavuvi wakamcheka. "Wazee gani, ndugu yetu? Si wameliwa na masultani?"

Vuai akageuka, akatazama upande wa baraza ya sultani. Kisha akaanza kucheka peke yake, akacheka hata wavuvi wakasogea mbali naye.

Siku ya Ijumaa baraza ikajaa watu waliokuja kuona mwisho wa fukara. Vuai akaingia, na nyuma yake Mize na wanawake wa mtaa wamechukua susu la mtoto mchanga, wanalipembeza na kuimba kwa sauti ya chini. Sultani akachungulia, akaona vile visamaki vimepangwa vizuri, vimefunikwa kanga mpaka shingoni.

"Upuuzi gani huu?" akanguruma.

"Polepole, bwana wangu," akasema Vuai. "Wamelala."

Kadhi, aliyeketi kando ya sultani, akakohoa. "Ushahidi wa mtoto haukubaliki."

"Kadhi amesema haki, nami sikuwaleta washuhudie. Nimewaleta kwa sababu nyumbani hawana wa kubaki naye. Nilipouliza wazee wao waliko, niliambiwa wamehamia hapa kwako." Akanyoosha mkono ukutani. "Wale pale. Naomba ruhusa niwaite."

Kabla ya ruhusa kutolewa, akalitungua taya la zamani za babu, akalipitisha kichwani, likashuka mpaka mabegani, akalivua. Akalitungua la baba, likakwama masikioni. La mwaka aliotawazwa Mwinyikondo lilipitisha ngumi. La mwaka huu Vuai alilitia kidole gumba, akalivua kama pete. Watu wakayatazama, na mataya yote yalikuwa wazi kama yanasema.

Sultani uso ukamwiva. "Hila hii. Hicho kichwa chako ni kidogo, kichwa cha mwenye njaa. Lete hapa." Akavua kilemba, akalitwaa lile la babu, akalisukumia kichwani. Masikio yakapita, mashavu yakapita kwa taabu, akasema, "Mnaona?" Alipotaka kulitoa, meno ya chewa, ambayo yote huelekea ndani, yakamkaba chini ya kidevu.

Waziri akaruka, akaanza kuvuta. "Acha, baradhuli, unanichinja!" akalia sultani.

Vuai akachutama mbele yake kwa adabu. "Bwana wangu, ulitaka mzee wa samaki aje mbele yako. Naona amekuja karibu kuliko tulivyokusudia."

"Livunjeni."

"Tukilivunja tumemwua shahidi barazani."

Kadhi, ambaye hakumpenda waziri tangu ujana, akapapasa ndevu akasema hilo halijuzu.

"Basi shahidi huyo anataka nini?" akauliza sultani.

Vuai akatega sikio kwenye taya. "Anauliza habari za Ngwali."

"Afunguliwe."

"Anaziuliza zile nyavu."

"Zichomwe. Zishonwe za matundu mapana."

"Anauliza, mpaka wanawe wakue, bwana wangu utakula nini?"

Hapo sultani akalivuta taya mara moja tena, likamkaba zaidi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kunde."

"Na waziri?"

"Kunde zisizo na nazi."

Hapo ndipo Mize akaleta mafuta, akampaka sultani shingoni bila huruma, taya likatoka. Sultani akajishika kichwa kuona kama kipo. Akamtazama mzee wa chewa, akatazama susu na kanga, kicheko kikamshika, akacheka hata machozi yakamtoka, akasema, "Babu alimvua huyu, na leo amenivua mimi. Vuai, omba utakalo."

"Kitoweo, bwana wangu," akasema Vuai.

Basi akapewa nafasi kwenye sinia la sultani, akala kunde naye siku zote, na Ngwali akarudi baharini na wavu wake wa matundu mapana. Na ikawa katika kisiwa cha Kizangaze, kila aliyenung'unika kwamba amechoka kula kunde, sultani mwenyewe alimshika mkono akampeleka ukutani, akamwambia ajaribu kichwa chake.